Umbali Una Bei: Kupiga Picha Wanyama Huru Katikati ya Dar es Salaam

Kupiga picha ndege na wanyama mwitu ni kazi inayojengwa juu ya umbali. Kila mnyama huru ana mpaka wake. Mtu akiwa nje ya mpaka huo, mnyama anaendelea kula, kuota jua au kulisha makinda. Akiuvuka, mnyama anaacha alichokuwa akifanya, anainua kichwa, na muda si mrefu anaondoka. Mpiga picha anataka jicho na unyoya, yaani anataka ukaribu, na papo hapo anataka mwenendo ambao ukaribu huohuo unauvunja. Lenzi ndefu, kibanda cha maficho, gari lililozimwa injini na kamera mtego vyote vimebuniwa kwa sababu ya mvutano huo mmoja.

Jijini Dar es Salaam mjadala wa kazi hii una mkanganyiko wa aina yake. Wapo wanaoamini kwamba wanyamapori hupigwa picha Serengeti au Mikumi, na kwamba kunguru, mwewe na popo wa mjini hawahesabiki. Wapo wanaodhani kamera yoyote yenye lenzi kubwa inahitaji kibali cha serikali. Na wapo ambao, wakishanunua simu mpya kwenye maduka ya Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, hawaoni cha kujadili: mnyama yupo, simu ipo. Haya ni maswali matatu tofauti, ya mahali, ya idhini na ya namna, na vurugu hutokea pale moja linapojibiwa kwa jibu la jingine. Mwenye kibali anadhani ameruhusiwa kumsogelea mnyama atakavyo. Aliyelipa kiingilio cha hifadhi anadhani madhara yameshalipiwa getini.

Wakazi wasioandikishwa

Katikati ya jiji hakuna tembo, lakini viumbe huru wamo, na wengine kwa wingi wa kukera. Anayeongoza ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ndege wa asili ya Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, utawala wa Waingereza ukitumaini kwamba angesaidia kuondoa taka, kisha akaenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Dar es Salaam imemfaa sana. Soko Kuu la Kariakoo, jengo la mbunifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, limezungukwa na mitaa inayomwaga kila siku maganda, mabaki ya nyama na mchele uliomwagika. Hata moto wa Julai 2021 ulipolifunga jengo lenyewe, biashara ilihamia pembeni na kunguru wakaifuata. Kunguru wa asili wa nchi hii, yule mwenye kifua na kola nyeupe, ameshasukumwa pembeni katika sehemu kubwa ya jiji.

Chini ya Kariakoo, upande wa Jangwani, Mto Msimbazi umetandaza bonde linalofurika karibu kila masika. Yangeyange na kwarara hutembea kwenye tope lilelile ambalo watu wa jiji hulilalamikia. Mto ukifika baharini kwenye Daraja la Selander unakutana na mikoko na tambarare ya matope inayoonekana maji yakipwa. Hapo, kuanzia Septemba hadi Aprili, hula ndege wahamaji: kitwitwi waliotoka kutaga Siberia, sululu wenye midomo iliyopinda, na ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi anayekula kaa, ambaye hutaga kwenye fukwe za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uarabuni, Oman ikiwemo. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, linapita juu ya maji jirani na hapo.

Upande wa bandarini kuna Soko la Samaki la Feri, ambako shakwe na kunguru hugombea matumbo ya samaki. Nyuma yake, jirani na Makumbusho ya Taifa, ipo Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Popo wala matunda hupita kwenye miembe na mikungu ya mitaa ya zamani usiku, na komba hulia penye bustani zenye miti mikubwa. Tausi wa Ikulu, ambao wakazi wengi huwataja kwanza wakiulizwa kuhusu ndege wa mjini, hawamo katika hesabu hii: ni ndege wa kufugwa, na uzio wanaokaa ndani yake ni wa mwisho ambao mtu angetaka kuuelekezea lenzi.

Urithi wa picha zisizo na watu

Namna watu wanavyoifikiria picha ya mnyamapori haikuanzia hapa mjini, ila ilianzia nchini. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyezunguka nyika za Kilimanjaro na Umasaini mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupiga picha wanyama usiku kwa mwako wa magnesi. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilitaja taa na bunduki pamoja kwenye jalada, na kwa haki, kwani alitumia vyote viwili. Ili simba waje mbele ya kamera alifunga ng'ombe na punda kuwa chambo. Kwa hiyo mabishano ya leo kuhusu chambo yana umri sawa na kazi yenyewe.

Baadaye ikaja njia nyingine. Hugo van Lawick alifika Gombe mwaka 1962 kupiga picha sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall, kisha akakaa miaka mingi kambini Ndutu, kusini mwa nyanda za Serengeti, akifuata mbwamwitu, duma na simba mpaka wamzoee. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002. Alichokosa kwa ukaribu alikilipa kwa muda. Hata hivyo Gombe yenyewe ilikuwa na kituo cha kuwalisha sokwe ndizi, na watafiti walikuja kukiri kwamba ndizi hizo ziliongeza ugomvi.

Njia zote mbili ziliacha mazoea yaleyale ya macho: pori safi lisilo na binadamu. Filamu ya Bernhard na Michael Grzimek kuhusu Serengeti ya mwaka 1959, iliyoshinda tuzo ya Oscar, ilitoka mwaka uleule ambao Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Hifadhi ya Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Utupu unaoonekana kwenye picha nyingi za nyika ulipatikana kwa uamuzi wa kiutawala. Jambo hilo halizifanyi picha hizo kuwa za uongo, lakini linapunguza nguvu ya anayesema kwamba picha yenye ukuta, nguzo ya umeme au muuza machungwa haiwezi kuwa ya mazingira asilia.

Sheria na hofu

Kuhusu idhini, hali si ngumu kama inavyosimuliwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inashughulikia uwindaji, ukamataji, umiliki na biashara ya wanyama pamoja na matumizi ya maeneo yaliyohifadhiwa. Kumtazama mwewe juu ya mnazi na kumpiga picha ukiwa barabarani si mambo inayoyalenga. Ndani ya hifadhi za taifa mgeni aliyelipa kiingilio hupiga picha zake bila malipo ya ziada. Utengenezaji wa filamu za kibiashara ndio wenye vibali na ada, na filamu kwa ujumla husimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976. Droni ina masharti yake mwenyewe kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hifadhini hairushwi bila ruhusa.

Tatizo halisi mjini halimhusu ndege. Linahusu kilicho nyuma yake. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha maeneo yaliyolindwa bila idhini, na katikati ya Dar es Salaam maeneo ya namna hiyo yamepakana na ndege wazuri. Anayeelekeza lenzi ya milimita 500 kwa shakwe wa Feri ana Ikulu ya Magogoni upande mmoja na lango la bandari upande mwingine. Askari anayemwona kwa mbali hajui kama jicho liko kwenye mdomo wa ndege au kwenye meli, na si haki kumtaka ajue. Tahadhari ya eneo hilo ni kugeuza pembe, kujitambulisha kabla ya kuulizwa, na kukubali kwamba baadhi ya picha hazitapigwa.

Kariakoo kuna hofu ya pili, ya wafanyabiashara. Mmachinga aliyeshuhudia operesheni za kuhamisha meza za barabarani mwaka 2021 ana sababu ya kuitilia shaka kamera. Picha ya kunguru akidonoa mfuko mara nyingi ni picha ya mtu pia, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023, hoja ya ridhaa imepata nguvu kuliko zamani. Kwa Kiswahili cha sokoni: ombi kwanza, kamera baadaye.

Msimamo wa kwanza: wanyamapori ni wa hifadhini

Wenye msimamo huu wana hoja zenye uzito. Hifadhini kuna kanuni na kuna wa kuzisimamia: gari halitoki barabarani, mtu hashuki, mageti yana saa zake. Ada huingia kwenye ulinzi. Mnyama anaonekana na jamaa zake, mawindo yake na adui zake, kwa hiyo picha ina maana ya kibaiolojia. Picha ya Michael Nichols ya simba jike watano na watoto wao juu ya mwamba, wa kundi lililoitwa Vumbi huko Serengeti, ilishinda tuzo kuu ya mpiga picha bora wa wanyamapori jijini London mwaka 2014. Aliwafuata kwa miezi mingi hadi wakamzoea. Haiwezekani kuipata kazi ya namna hiyo Jangwani.

Udhaifu wake wa kwanza ni fedha. Nyerere na Saadani hazipo mbali sana na jiji, na Mikumi inafikika kwa barabara kuu ya Morogoro, lakini kikwazo cha Mtanzania wa kawaida si kiingilio. Ni gari, mafuta na usiku mmoja wa malazi. Msimamo huu ukifuatwa kikamilifu, kazi ya kupiga picha wanyama wa nchi inabaki kwa wageni na wachache wenye magari.

Wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu unagusa hoja yenyewe ya usalama wa mnyama. Hifadhi haiondoi madhara pale wapiga picha wanapokuwa wengi. Utafiti wa Femke Broekhuis uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara ulilinganisha maeneo yenye watalii wengi na yenye wachache: katika yale ya kwanza duma jike alifikisha kwenye umri wa kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, na katika yale ya pili 2.3. Mwezi Julai 2025 zikasambaa video za watalii walioshuka magarini kaskazini mwa Serengeti na kuziba njia ya nyumbu waliotaka kuvuka Mto Mara. Wote walikuwa wamelipa. Kanuni zilikuwepo, kilichokosekana ni nafasi, kila mmoja akitaka kusimama pale mwenzake aliposimama.

Msimamo wa pili: mnyama huru popote alipo

Msimamo wa pili hupima upori kwa uhuru wa mnyama: hakufugwa, hakufungwa, anakwenda apendapo. Kwa kipimo hiki kunguru wa Kariakoo ni mnyama mwitu kamili na kuku wa Shauri Moyo siye. Kampala wamelizoea wazo hilo zamani, kwani korongo wakubwa wenye upara wanaokula majalalani na kutaga kwenye miti ya mitaani hupigwa picha kama sehemu ya jiji.

Nguvu yake kubwa iko kwenye hesabu ya umbali, na hapa inafaa kuhesabu kweli. Lenzi kuu ya simu nyingi huona upana unaolingana na lenzi ya milimita 26 hivi kwenye kamera ya fremu kamili. Wapiga picha wa ndege hutumia milimita 400 hadi 600. Ndege wa sentimita 20 akiwa mita 10, kwa lenzi ya milimita 600 huchukua theluthi moja ya upana wa picha. Kwa simu huchukua chini ya sehemu moja ya hamsini: nukta. Ili simu imwonyeshe kwa ukubwa uleule, inabidi isogezwe hadi chini ya nusu mita. Kukuza kwa vidole hakusaidii, maana simu hukata kipande cha katikati na kukivuta.

Kwa hiyo mwenye simu ana deni la umbali ambalo lazima mtu alilipe. Mwenye lenzi ndefu hulilipa dukani, kwa mamilioni ya shilingi. Asiye nayo hulilipa kwa muda, akikaa kimya mpaka mnyama aje mwenyewe. Asiyetaka kulipa chochote humwachia mnyama, anayelilipa kwa kukimbia. Ila wapo wanyama ambao kwao deni hilo limeshafutwa. Kunguru, njiwa, shomoro na mijusi wa kuta za Kariakoo wamezaliwa miguuni mwa watu. Mpaka wao ni hatua chache tu, na kwa mtu aliyekaa kwenye benchi ni mfupi zaidi. Mjini simu inatosha kwa sababu ukaribu haumgharimu mnyama kitu ambacho hajakizoea. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kumfuatilia kunguru mmoja anavyojenga kwa vipande vya waya, siku hadi siku, jambo ambalo mtalii wa siku tatu hawezi kulifanya kwa simba.

Udhaifu upo pia. Aina za viumbe ni chache, na anayeongoza kwa wingi ni mvamizi anayekula mayai na makinda ya ndege wengine. Zanzibar na Dar es Salaam zimepitia kampeni za kumpunguza kwa mitego na sumu, na Kenya mwaka 2024 ilitangaza nia ya kuua milioni moja pwani yake. Picha inayompamba bila kueleza asili yake inapotosha. Isitoshe, msimamo huu hupanuliwa kimakosa: aliyezoea kumsogelea kunguru wa sokoni huhamishia hatua zilezile kwenye matope ya Selander, kwa ndege ambao hawakuzaliwa kati ya watu.

Hapo hesabu inageuka kabisa. Kitwitwi aliyetoka Siberia hula kwa saa chache ambazo maji yamekupwa, hasa wakati wa bamvua tambarare inapokuwa pana. Maji yakijaa hupumzika kwa kundi kwenye ukingo uliobaki. Kila mara kundi linaporushwa, linachoma mafuta ambayo yangelipeleka kaskazini, na kinachopatikana si picha inayofaa wala si video ya kujivunia: ni kundi la ndege linalokimbia.

Msimamo wa tatu: kuacha kabisa, au kuiachia mashine

Wapo wanaosema bora mtu asiwepo. Kamera mtego, inayojipiga yenyewe joto linapopita mbele yake, imewapa hoja nzuri. Katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kamera za namna hii zilinasa mwaka 2005 sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikumjua. Alipewa jina rasmi mwaka 2008. Serengeti, mtandao wa kamera 225 uliowekwa kuanzia mwaka 2010 umekusanya mamilioni ya picha bila mpiga picha hata mmoja kusubiri kichakani.

Kipunji, nyani wa Mlima Rungwe na Ndundulu, anaonyesha nguvu na mpaka wa njia hii kwa pamoja. Mwaka 2005 alielezwa kisayansi kwa kutegemea picha, kwa sababu watafiti hawakutaka kumuua mnyama adimu ili kupata kielelezo. Mwaka uliofuata, mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima alipochunguzwa, ikabainika kwamba ni wa jenasi mpya kabisa. Picha ilithibitisha kwamba yupo. Ukoo wake haikuweza kuueleza.

Kwa jiji msimamo huu haufai sana. Kamera iliyofungwa kwenye nguzo ya Mtaa wa Kongo haitafika alfajiri. Ikifika, itakuwa imerekodi watu maelfu na paka wawili. Na zipo sababu za kutotaka mtu aondoke kabisa: wanaolitetea bonde au msitu mara nyingi ni wale walioutazama.

Chambo, milio, mwanga na viota

Misimamo yote mitatu hukutana kwenye mbinu, na hapa ndipo mjini kuna hatari zake mahsusi.

Chambo ndicho rahisi kuliko vyote, na Feri kinapatikana bure. Kumtupia kunguru utumbo wa samaki ili atue mbele ya simu ni kumlisha mvamizi ambaye jiji limetumia fedha kumpunguza. Kumtupia tumbili ndizi ni kumfundisha kunyang'anya mikoba. Kutumia mabaki ambayo tayari yapo, bila kuongeza, ni jambo tofauti na halina ubaya huo.

Mlio uliorekodiwa, unaochezwa kwa simu ili ndege ajitokeze, humfanya aamini kwamba mpinzani ameingia eneo lake. Huacha kula na kulisha ili apigane na sauti isiyo na mwili. Mara moja, kwa muda mfupi, huenda asiathirike sana. Tatizo ni bustani ndogo ambayo kila anayekuja hucheza mlio uleule kwa ndege yuleyule. Flashi nayo ina ubishi wake. Mwanga mmoja mfupi haujathibitishwa kupofusha, lakini komba anayeruka tawi hadi tawi gizani hutegemea macho yaliyozoea giza, na kumwangaza akiwa angani ni ukatili usio na faida, kwani hata picha hutoka na macho mekundu.

Kiota ndicho kitu ambacho Dar es Salaam inapaswa kukiogopa kuliko miji mingi. Popote duniani, mzazi akifukuzwa kiotani mayai hupoa. Hapa kuna ziada: kunguru anatazama. Dakika tatu ambazo mpiga picha anamzuia ndege mdogo kurudi zinatosha kunguru kushuka na kumaliza kila kitu. Mpiga picha huondoka akidhani hakugusa chochote, na kweli hakugusa.

Bundi anahitaji tahadhari ya namna nyingine. Kwa kuwa wengi bado humhusisha na uchawi na mikosi, kutaja mtaa na mti anaolala ni kumweka hatarini. Picha zinazotumwa mtandaoni hubeba mara nyingi alama ya mahali bila mwenyewe kujua. Kuizima ni kazi ya sekunde chache.

Ukweli wa picha

Zogo la chambo huambatana na la ukweli. Mwaka 2010 mpiga picha wa Hispania José Luis Rodríguez alivuliwa tuzo ileile ya London baada ya waamuzi kuamini kwamba mbwamwitu wake aliyeruka lango alikuwa wa kufugwa, ingawa mwenyewe alikana. Ziwa Natron, Nick Brandt aliwaokota ndege waliokufa na kukaushwa na magadi, akawaweka juu ya matawi na kuwapiga picha kana kwamba wamekaa. Alieleza wazi alichofanya, na kwa hiyo hakudanganya. Lakini picha zilizozunguka duniani zilipoteza maelezo njiani, na watu wengi wakaamini kwamba ziwa hilo hugeuza viumbe kuwa mawe papo hapo.

Tofauti ya visa hivi viwili ni maelezo yaliyoambatana na picha, kuliko kilichofanyika uwanjani. Fremu nayo ni maelezo. Simba wa Hifadhi ya Nairobi wanaweza kupigwa na maghorofa nyuma yao au bila maghorofa, kutoka gari lilelile. Picha zote mbili ni za kweli, na kila moja inaficha nusu. Sasa akili mnemba inaweza kutengeneza kipanga juu ya paa la Kariakoo ambaye hakuwahi kuwepo. Kwa kumbukumbu za viumbe hilo ni pigo, maana picha ilikuwa shahidi wa bei nafuu. Picha yenye tarehe, mahali pa jumla, lenzi, na neno moja kuhusu chambo kama kilitumika, itakuwa na thamani kuliko picha nzuri isiyo na kauli.

Kupima

Ukiweka misimamo hii kwenye mizani, swali la mahali linageuka kuwa dogo kuliko linavyodhaniwa. Serengeti inaweza kuwa mahali pa madhara makubwa na kichochoro cha sokoni kikawa mahali pasipo na madhara. Swali la idhini ni la lazima, ila linamlinda mtu, mali na nchi. Mnyama halimlindi sana. Linalobaki ni nani analipa bei ya umbali, na kwa swali hilo msimamo wa pili unashinda kwa masharti. Kwa mwenye simu, mji ndio shule inayofaa kuliko hifadhi, mradi abaki kwa wanyama waliozoea watu, asilishe, na aandike kwamba kunguru huyu ni mgeni aliyeletwa. Matope ya Selander na mikoko yake si pa simu. Ni pa lenzi ndefu, ukingoni, mtu amekaa kabla maji hayajaanza kujaa ili ndege waje wenyewe. Viota viachwe kabisa na asiye mtafiti.

Msimamo wa kwanza unabaki na haki yake kwa wanyama wasiopatikana kwingine, lakini hauwezi tena kudai usafi wa asili, hasa penye foleni ya magari mtoni. Wa tatu unabaki kwa watafiti na kwa misitu ya milimani.

Ipo njia ambayo bado haijajaribiwa ipasavyo, ya jiji lenyewe kulipa. Bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa wa kudhibiti mafuriko uliopata dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, na ndani ya mipango yake imo bustani ya jiji. Kibanda kimoja cha maficho chenye tundu za kutazamia, kilichojengwa upande wenye jua mgongoni na umbali uliopimwa, kingehudumia shule zote za Ilala. Yangeyange wangekizoea kama walivyozoea mabasi ya mwendokasi yanayopita Jangwani, na mwenye simu asingehitaji kukanyaga tope. Gharama yake ni mbao, bati na mlinzi wa zamu.